TUSIMHUKUMU MWENZETU KABLA YA KUMWULIZA



Chukueni mfano huu. Karani wa ofisi moja mjini Arusha arudi kazini Jumatatu, awasimulia wenzake jinsi alivyovuka mpaka pale Namanga, akanunua upande wa Kenya dawa ya shinikizo la damu ya mama yake, tena kwa nusu ya bei. Mbele yake wampongeza. Akiisha toka, mmoja asema, "Huyo mwongo." Wa pili asema, "Si mwongo, ni mtu wa magendo." Kufika jioni jina lake limekwisha chafuliwa ofisi nzima, naye hana habari.

Je, wamekosa kwa kuona shaka? Hasha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa 1 ya tiba katika kila 10 ni ya bandia au haifikii kiwango. Pakiti yaweza kuwa nzuri, na vidonge vilivyomo visiwe na nguvu yo yote. Nalo shinikizo la damu hupanda kimya kimya, hata siku mgonjwa apatapo kiharusi.

Basi kosa lao ni lipi? Walikuwa na shaka iliyoweza kumwokoa mama mgonjwa, wakaigeuza kuwa masengenyo. Ikiwa karani alisema kweli, wamemwibia jina lake jema. Ikiwa alidanganywa na mwuzaji, wamemwacha mama ameze bandia huku wao wakicheka.

Natanaeli naye hakusadiki upesi habari aliyoletewa na Filipo juu ya mtu wa Nazareti. Lakini shaka yake aliisema mbele ya Filipo mwenyewe, kisha akaondoka, akaenda kujionea. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aagiza kwamba Mkristu awe tayari kuyapokea vema maneno ya mwenzake kuliko kuyalaumu. Na asipoweza, amwulize. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza Amri ya Nane, yarudia fundisho hilo katika namba 2478.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Tumwambie, "Ndugu, naihofia dawa hiyo; tuitazame pamoja." Tutazame jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na risiti. Kisha ipelekwe kwa mfamasia, au kwa daktari aliyemwandikia mama. Wala mama asiache dawa yake kwa uvumi tu. Nawe uliyenunua, usikasirike ukiulizwa. Anayekuuliza usoni anakuheshimu kuliko anayekusifu na kukucheka nyuma yako.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Wazazi, wafundisheni watoto wenu neno hilo nyumbani, wangali wadogo, ili wakiwa wakubwa wajue kuitumia shaka kwa kumsaidia ndugu, si kwa kumwangamiza.