Neno "Sorry" na Pole Yetu

Katika lugha ya Kiingereza liko neno moja dogo ambalo watoto wetu hulishika mapema shuleni, na hata wasiojua Kiingereza hulitamka sokoni na garini. Neno hilo ni "sorry". Wengi hudhani maana yake ni "samahani", wakaishia hapo. Sisi twaona ya kuwa neno hili lina vyumba vingi, na mtu asiyejua yumo chumba gani aweza kudanganya au kudanganyika.

Tuanze na asili yake. Latoka katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kuumwa, nalo ni ndugu yake "sore", yaani penye kidonda. Waingereza wengi wenyewe hufikiri ya kuwa limezaliwa na "sorrow", ndiyo huzuni, lakini maneno hayo mawili yana mizizi mbalimbali, yakafanana baadaye tu. Basi asemaye "I am sorry" kwa asili asema "Naumia". Hajasema kwamba amekosa, wala hajaomba kitu. Ndiyo sababu Mwingereza hulitumia neno lilo hilo akimkanyaga mtu mguu, akipewa habari ya msiba, akitaka umrudilie maneno ambayo hakuyasikia, hata akikuandikia barua ya kukunyima kazi.

Kiswahili hakikufanya hivyo. Asemaye "niwie radhi" ameliweka jambo mikononi mwa mwenziwe: ni juu yake huyo kuwa radhi au kukataa. Asemaye "pole" hakutaja kosa lo lote, bali ameyatazama maumivu ya mwingine. Mtu akijikwaa njiani, sote tulio karibu twamwambia pole, ingawa jiwe hatukuliweka sisi. Na katika Kiingereza cha Afrika ya Mashariki pole hiyo imevikwa nguo ya "sorry". Mgeni wa Ulaya akijikwaa mbele yetu, akasikia neno hilo kutoka kila upande, hushangaa akajibu, "Si kosa lenu." Hajatambua ya kuwa hatukuungama neno, tulimwonea uchungu. Asante ingetosha.

Wala mtu asidhani huu ni mchezo wa maneno. Huko Australia, kwa miaka mingi, watoto wengi wa wenyeji wa asili waliondolewa kwa wazazi wao kwa amri za serikali. Taarifa ya mwaka 1997 ilipoyaeleza mambo hayo, watu wengi walitaka serikali itamke "sorry". Waziri Mkuu John Howard alikataa. Mwaka 1999 alileta Bungeni azimio la kusikitika, lakini neno lenyewe halikuwamo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa leo hawapaswi kubebeshwa hatia ya waliotangulia. Tena jambo la kuangaliwa sana ni hili: katika Kiingereza cha wenyeji hao, matanga na desturi zote za msiba huitwa "sorry business". Hivyo yule aliyekataa alisikia neno la hatia, na baadhi ya waliomwomba walisikia pia neno la kilio. Kevin Rudd alilitamka Bungeni tarehe 13 Februari 2008, na watu wakatokwa na machozi.

Hofu ya kulitamka ina sababu yake, nayo ni mahakama. Mwenye gari baada ya ajali huogopa kwamba pole yake itahesabiwa kuwa ni kukiri. Kwa hiyo jimbo la British Columbia katika Kanada lilitunga sheria mwaka 2006 kwamba kuomba radhi hakuwi ushahidi wa hatia katika kesi ya madai. Na Uingereza mwaka huo huo ikaweka sheria iliyo karibu na hiyo. Kwetu sisi ni ajabu kidogo kwamba pole ihitaji askari wa kuilinda.

Mambo haya yametufikia hata sisi. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague aliliambia Bunge la Uingereza kwamba serikali yasikitika kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Zikakubaliwa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Lakini akasema pia ya kuwa serikali haikubali kuwajibika kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda wazee wa pale katika vita vya Maji Maji. Wa kwanza alitoa fedha, na neno lake lilikuwa pole. Wa pili neno lake lilikuwa niwie radhi. Hatusemi kwamba neno lashinda fedha. Twasema tu kwamba hayo si mamoja, na aliyeumizwa huyatambua mara moja.

Hata kijijini ni vivyo hivyo. Mbuzi wa mtu huingia shamba la jirani, wakamaliza mahindi. Mwenye mbuzi huja asubuhi, akasimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Pole, ndugu yangu, kwa hasara hii." Jirani hukasirika kuliko alivyokasirika alipoona mahindi yameliwa, na watu humwona mkali bure, kwa kuwa ameambiwa pole. Lakini pole hiyo imemfanya mwenye mbuzi kuwa mpita njia. Jirani alitaka kwanza asikie "niwie radhi", kisha wakae chini waulizane habari ya madebe mangapi.