Ahadi ni Deni

Ndugu zangu, aliyepiganishwa kwa siri ana haki gani? Tangu mwaka 1961 Marekani iliwapa silaha Wahmong wa milima ya Laos wapigane upande wake. Iliposhindwa mwaka 1975, wengi wao waliachwa nyuma, wakauvuka mto Mekong kukimbilia Thailand. Waliohamia Marekani walingoja hadi 1997 kuwekewa jiwe la ukumbusho huko Arlington, na hadi 2018 ndipo baadhi ya askari wao waliporuhusiwa kuzikwa katika makaburi ya taifa.

Kumheshimu maiti ni jema, lakini mdai hulipwa angali hai. Watu hawa si wa dini yetu. Walakini Mola aliyeamrisha kutimiza ahadi hakubagua. Basi tujihesabu: ni nani aliyetufaa katika dhiki, tukamsahau katika faraja?