Mchoro wa Kwanza: Injini za Kale, Msitu wa Nyandarua na Swali la Asili

Swali la asili ya kitu, yaani ni nini hasa kinachokifanya kitu kuwa kile kilicho hata baada ya sehemu zake nyingi kubadilishwa, limewashughulisha wanafalsafa tangu enzi za Wayunani wa kale, lakini ni nadra kulikuta likiulizwa kwa ukali wa kivitendo kama linavyoulizwa na mafundi wanaotafuta michoro ya kwanza ya injini za ndege za zamani. Anayetaka kuirudisha angani ndege iliyoundwa katika miaka ya 1930 hawezi kuchonga hata bolti moja kwa kukisia, kwa kuwa kanuni za usalama wa anga hudai kwamba kipuri kitengenezwe kwa kufuata maelezo yaliyoidhinishwa. Basi humlazimu kuusaka mchoro wenyewe, uwe umelala katika hifadhi ya kiwanda, katika makumbusho, au katika boksi la fundi aliyekwisha kufariki. Mahali pafaapo kulitafakari swali hili ni Othaya, mji wa chai na kahawa ulio chini ya msitu wa Nyandarua, ambako ngurumo za injini hizo zilisikika kwa sababu ambazo wenyeji hawajazisahau.

Kaunti ya Nyeri iliingia mapema katika historia ya urukaji. Huko Seremai, karibu na mji wa Nyeri, mlowezi John Carberry alikuwa na kiwanja chake cha ndege, na ni yeye aliyemwazima rubani Beryl Markham ndege aina ya Vega Gull ambayo mwanamke huyo aliirusha peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Nova Scotia mnamo Septemba 1936, akisukumwa na injini moja ya Gipsy Six, kazi ya mbunifu Frank Halford. Lakini injini ambazo Othaya ilizifahamu kwa karibu zaidi zilikuja baadaye. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa nchini Kenya mnamo Oktoba 1952 ili kuuzima uasi wa Mau Mau, jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi kidogo cha ndege aina ya Harvard, Kikosi Namba 1340, kilichofanya kazi kutoka Thika na kisha Mweiga, kaskazini mwa mji wa Nyeri, kikidondosha mabomu ya takriban ratili 20 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Harvard iliendeshwa na injini ya Wasp ya kampuni ya Pratt & Whitney, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa mwaka 1925, yenye silinda tisa zilizopangwa kwa duara na namba rasmi R-1340; kufanana kwa namba hizo mbili ni sadfa tupu. Kuanzia Novemba 1953 ziliongezwa ndege kubwa za Lincoln, zilizoruka kutoka Eastleigh, Nairobi, zikiwa na injini nne za Rolls-Royce Merlin kila moja na mabomu ya ratili 500 na 1,000.

Injini hizo leo zinapendwa duniani kote. Takriban Merlin 150,000 ziliundwa, na zilizosalia hutunzwa kwa uangalifu mkubwa na watu wanaojua mlio wake kutoka mbali. Upendo huo si jambo la kubezwa, kwani Merlin ni kazi ya akili iliyotukuka. Hata hivyo, mwenyeji wa Othaya aliyekuwa mtoto mwaka 1954 anaujua mlio uleule kwa namna nyingine, na yeyote anayeuliza ni nini thamani ya mchoro wa asili anapaswa kuliuliza swali hilo akiwa na masikio yote mawili wazi.

Inafaa kwanza kuutazama mchoro wenyewe. Mchoraji wa wakati huo alianza kwa penseli, kisha mnukuzi, ambaye katika ofisi nyingi za Uingereza alikuwa mwanamke kijana, aliufuatisha kwa wino juu ya kitambaa cha kitani kilichotiwa wanga hadi kikapitisha nuru. Kitambaa hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa asilia, na kutoka kwake zilitolewa nakala za samawati kwa njia iliyobuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842: karatasi iliyopakwa chumvi za chuma iliwekwa chini ya kitambaa, ikaangazwa, kisha ikaoshwa kwa maji, na pale wino ulipoizuia nuru pakabaki mistari myeupe. Karatasi iliyooshwa husinyaa inapokauka, na ndiyo maana fundi huonywa asiupime mchoro kwa rula, kwa kuwa kipimo cha kweli ni namba iliyoandikwa wala si urefu wa mstari. Katika pembe ya chini mna kisanduku chenye namba ya kipuri, aina ya metali, na herufi za majina ya aliyechora, aliyenukuu, aliyekagua na aliyeidhinisha. Kando yake mna jedwali la mabadiliko, ambamo kila badiliko lina herufi yake na tarehe yake. Anayekiinua kitambaa hicho kuelekea dirishani huona mahali ambapo wino ulikwanguliwa kwa wembe na kipimo kipya kikaandikwa juu ya kovu la kile cha zamani.

Jibu la haraka kuhusu thamani ya kitambaa hicho ni lile linaloweza kujengwa juu ya Aristotle, aliyefundisha kwamba kila kitu ni muungano wa maada, yaani kile ambacho kitu kimeundwa nacho, na umbo, yaani mpangilio unaoifanya maada hiyo kuwa kitu fulani. Kwa jibu hili, chuma cha injini huchakaa na kubadilishwa, lakini umbo lake hukaa katika mchoro, hivyo aliye na mchoro anayo injini hata kama hana chuma. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba katika kitabu cha Kutoka, Musa anaamriwa kuijenga maskani kwa kufuata mfano aliouona mlimani. Na mtu aliyelelewa chini ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ambao Wagikuyu waliuelekea walipomwomba Ngai, Mungu wao, haoni ugeni wowote katika wazo la kwamba kilicho bora hutoka juu na kilicho chini ni nakala yake. Jibu hili linavutia, lakini historia ya injini zenyewe inalikanusha mara mbili.

Linakanushwa kwanza na injini ya mwanzoni kabisa mwa urukaji. Charles Taylor, fundi aliyewaundia ndugu Wright injini ya mwaka 1903, alieleza baadaye kwamba hawakuwa na michoro rasmi. Mmoja wao alichora kipuri kwenye kipande cha karatasi, naye akakitundika juu ya meza yake ya kazi na kuanza kuchonga. Injini ya takriban nguvu-farasi 12 iliyoanzisha zama za urukaji ilizaliwa bila mchoro rasmi wa kuitangulia, na wanaotaka kuiunda upya hulazimika kuanza na kupima chuma kilichosalia. Hapo umbo halikutangulia kitu. Lilipatikana mikononi, katika kazi yenyewe.

Kanusho la pili ni zito zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Merlin ilipopelekwa kuundwa katika kiwanda cha Ford cha Trafford Park, Manchester, wahandisi wa Ford waliikataa michoro ya Rolls-Royce kwa kuwa tofauti za vipimo zilizoruhusiwa zilikuwa pana mno: mafundi wa Derby walizoea kukisugua kila kipuri hadi kikaingia mahali pake, ilhali Ford ilihitaji kipuri chochote kiingie katika injini yoyote. Michoro ikachorwa upya. Kampuni ya Packard ya Detroit nayo iliichora upya kwa utaratibu wa Kimarekani, ingawa ilizihifadhi hesi za skrubu za Kiingereza, na ikatoa injini zake za kwanza mwaka 1941. Mchoro wa asili, basi, haukuwa kamili. Sehemu ya maarifa ya Merlin ilikaa katika vidole vya mafundi ambao hawakuiandika popote, na nakala za baadaye ziliieleza injini kwa ukamilifu kuliko asili yake.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini asili isakwe hata kidogo? Fundi anayetaka injini iwake tu angeridhika na mchoro wa Packard. Mwanafalsafa wa Kimarekani Nelson Goodman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1968, alizitenga sanaa ambazo nakala zake ni ghushi, kama picha iliyochorwa kwa mkono, na zile ambazo kila nakala sahihi ni halisi, kama muziki ulioandikwa kwa noti. Injini bila shaka iko upande wa muziki. Lakini anayekitafuta kile kitambaa chenye kovu la wembe hajatosheka, na haki iko upande wake, kwa sababu ambayo wanazuoni wa hadithi za Mtume waliielewa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa injini. Kwa wanazuoni hao, miongoni mwao Imamu al-Bukhari aliyefariki mwaka 870, maneno yanayosimuliwa, yaani matini, hayatoshi. Huhitajika pia sanadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari, ambao kila mmoja huulizwa alikuwa nani, alikutana na nani, na je, aliaminika. Habari nzuri isiyo na mlolongo ni habari isiyo na wa kuulizwa.

Mchoro nao una sanadi yake. Michoro ya Gipsy Six ilizaliwa mikononi mwa de Havilland, ambayo tawi lake la injini liliingizwa katika Bristol Siddeley mwaka 1961, nayo ikamezwa na Rolls-Royce mwaka 1966, na kila uhamisho ulikuwa nafasi ya karatasi kupotea, kutupwa au kuchanganywa. Anayekipata kitambaa cha kwanza anapata zaidi ya umbo la kipuri: anajua ni nani aliyeamua kwamba ukuta huu uwe mnene kiasi hiki, ni nani aliyekagua, lini uamuzi huo ulibadilishwa na kwa idhini ya nani. Utamaduni wa Wagikuyu unalisema jambo la jirani na hili katika desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba. Hakuna anayempima mtoto huyo ili aone kama analingana na babu. Jina humweka katika mlolongo wa kuwajibika, ambamo wazee wana haki juu yake naye ana haki juu yao. Vivyo hivyo, thamani ya asili haimo katika usafi wake wala katika ukamilifu wake, ambao haupo. Imo katika kwamba asili hubeba majina, hivyo inaweza kuulizwa.

Na hapa ndipo Othaya inaporudi katika hoja, kwa kuwa dai la kuulizwa haliwezi kukomea kwenye chuma. Kiwanda kilichounda Merlin kilihifadhi michoro yake, na tangu mwaka 1981 kuna Rolls-Royce Heritage Trust, taasisi iliyoanzishwa mahususi kulinda urithi wa kampuni hiyo. Karatasi zilizoeleza serikali iliyozituma injini hizo juu ya Nyandarua ilifanya nini chini yake zilipata hatima nyingine. Mwaka 1961 Wizara ya Makoloni jijini London iliagiza kwamba hati zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisirithishwe kwa serikali za nchi zitakazopata uhuru. Nyingi zilichomwa, na nyingine zikasafirishwa kwa siri. Takriban majalada 1,500 yaliyotoka Kenya yalikaa katika hifadhi ya Hanslope Park bila kukiriwa hadharani, hadi yalipofichuliwa mwaka 2011 kutokana na kesi ambayo Wakenya waliopitia mateso vizuizini, wakiwamo Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliifungua London mwaka 2009. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa walalamikaji 5,228. Katika kesi hiyo kupatikana kwa karatasi za wakati ule kulikuwa na uzito uleule ambao kitambaa huwa nao kwa fundi: karatasi zilikuwa na saini, tarehe na majina ya walioarifiwa.

Haifai kusema kwamba waliohifadhi michoro ndio waliochoma majalada. Walikuwa watu tofauti katika ofisi tofauti, na mpenda injini wa leo hana hatia ya lolote kati ya hayo. Linalofaa kusemwa ni kwamba dola moja ilikuwa na uwezo kamili wa kutunza asili ya kifuniko cha silinda, na ikaamua kwa makusudi kutotunza asili ya mateso ya mtu. Uwezo ulikuwapo, uamuzi ndio uliotofautiana. Anayeamini kwamba mchoro wa kwanza una haki ya kutafutwa, kwa kuwa ni amana ya waliouandika kwa watakaokuja, hana msingi wa kuinyima haki hiyo karatasi nyingine yoyote iliyobeba majina.

Vitabu vya shughuli za vikosi vya anga, vinavyojazwa katika fomu maalum ya jeshi hilo, vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, na mtafiti anaweza kuvisoma. Fomu hiyo ina nafasi ya namba ya ndege, majina ya marubani, kazi waliyotumwa, saa ya kuruka na saa ya kutua. Haina safu ya waliokuwa chini ya miti, wala ya wanakijiji ambao kuanzia katikati ya mwaka 1954 walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Safu hiyo, kwa upande wa Othaya, imo katika kumbukumbu za watu, nayo ina sanadi yake: fulani alikuwa wapi, alimsikia nani, ndege zilitokea upande gani wa msitu na saa ngapi. Ni ushahidi wa asili kwa maana kamili iliyoelezwa hapa, wenye makovu na masahihisho, na unastahili kuulizwa maswali magumu yaleyale anayoulizwa mpokezi yeyote. Kitambaa cha kitani katika chumba kikavu kinaweza kumsubiri msomaji wake kwa karne moja zaidi, lakini aliyekuwa na umri wa miaka kumi ndege za Lincoln zilipofika sasa amepita themanini, na kazi ya kuandika anayoyakumbuka, kwa jina lake, tarehe yake na jina la anayeandika, haihitaji kibali cha hifadhi yoyote ya ng'ambo.