Mgonjwa Asifukuzwe

Mtu akiungama leo kosa lile lile aliloungama juma lililopita, je, ametubu kweli? Swali hilo lilimsumbua padre mmoja wa nchi ya China katika karne ya 19. Aliyepiga magoti mbele yake alikuwa Marko Ji Tianxiang, tabibu aliyewatibu maskini bila malipo. Alikuwa ametumia afyuni kutuliza maumivu ya tumbo, nayo ikamfunga. Akaungama, akaanguka, akaungama tena. Mwishowe padre akamnyima maondoleo mpaka aiache kabisa. Hakuiacha, kwa kuwa hakuweza. Miaka 30 hivi alikaa bila Ekaristi Takatifu, wala hakuacha kusali. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani. Yasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili jamaa zake wasife bila mtu wa kuwatia moyo. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu.

Tusimlaumu mno padre yule; elimu ya zama zake ndiyo hiyo. Sisi hatuna udhuru. Madaktari wamekwisha kueleza kwamba kilevi kikizoeleka hubadili kazi ya ubongo, hata nguvu ya kujizuia ikadhoofika. Ndiyo maana viapo na machozi, hata vikiwa vya kweli, havitoshi peke yake. Nayo Katekisimu yafundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza hatia ya mtu.

Wako wazazi wanaomfungia kijana chumbani ili pombe imtoke. Jambo hili ni la hatari kubwa! Aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akikatizwa ghafula, aweza kushikwa na degedege hata kufa. Mpelekeni kwanza hospitali. Na kwa mtumiaji wa heroini, tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Wengine hunung'unika kwamba huko ni kubadili kilevi kwa kilevi. Sivyo. Kipimo hupangwa na daktari. Hutuliza ile arosto, kama vijana waiitavyo, mgonjwa akaweza kurudi kazini. Mbona mwenye kisukari hatumwambii aache sindano zake?

Atakapoanguka tena, na wengi huanguka, msidhani alikuwa akiwadanganya. Asubuhi mrudisheni kwa daktari. Usiku huo mfungulieni mlango, mkampe chakula.