Tiba Isiyoombwa

Mtoto aliyevunja sheria akipelekwa shule ya maadilisho, kama waitavyo Tanzania, au shule ya kurekebisha tabia, kama waitavyo Kenya, je, anaadhibiwa au anatibiwa? Jibu lina uzito. Adhabu hupimwa kwa kosa. Kosa likiwa dogo, nayo huwa ndogo. Tiba hupimwa kwa ugonjwa, huisha mgonjwa akipona, na wa kusema amepona ni mganga.

Wanaotetea tiba hushika hoja kongwe: samaki mkunje angali mbichi. Fiqhi ya Kiislamu nayo haimhesabii dhambi asiyebaleghe. Hutiwa adabu ili alelewe, si ili alipe. Wazo la kulea badala ya kulipiza ndilo pia lililozaa mahakama ya watoto ya Chicago mwaka 1899, ambako jaji alitakiwa akae kama baba. Ila samaki haulizwi kama anataka kukunjwa.

Udhaifu wa hoja hiyo ulianikwa Arizona. Juni 1964 Gerald Gault, kijana wa miaka 15, alikamatwa kwa madai ya kumpigia simu jirani mwanamke na kumtolea maneno machafu. Wazazi wote wawili walikuwa kazini, na hawakuachiwa hata kikaratasi. Mama aliporudi jioni alimtuma kaka mtu akamtafute kwa rafiki yake. Huko ndiko zilikopatikana habari kwamba yumo mahabusu. Mlalamikaji hakufika mahakamani, wala mwenendo wa shauri haukuandikwa. Jaji akaamuru kijana awekwe katika shule ya serikali ya watoto wakosaji mpaka atimize miaka 21, yaani hadi miaka 6. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa miezi isiyozidi 2.

Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua amri hiyo: mtoto naye ajulishwe mashtaka, apate wakili, ahoji mashahidi, na asilazimishwe kujishtaki.

Mwandishi C. S. Lewis alikwisha onya mwaka 1949 kwamba adhabu ikigeuzwa tiba, swali la nani anastahili nini hupotea, na likipotea hakuna tena wa kusema basi. Onyo hilo halimtetei anayetaka watoto wachanganywe na watu wazima gerezani, jambo ambalo ni baya zaidi. Mtoto anaweza kweli kuhitaji mlezi, mshauri nasaha na useremala. Lakini siku za kumnyima uhuru zihesabiwe kwa kosa lake, na msaada unaobaki aupate akiwa kwao.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zinaposhindikana, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Sheria ya Borstal ya Kenya, yaani ya taasisi za kurekebisha vijana wakosaji, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, iliweka miaka 3 kwa anayepelekwa kwenye taasisi hizo, kosa liwe kubwa au dogo. Miaka hiyo haitetewi kwa kuiita malezi.