Je, Baisikeli ya Baba Ipakwe Rangi Mpya?

Siku moja walinijia nyumbani wana wawili wa baba mmoja, wakiisukuma baisikeli kuukuu. Baba yao alikuwa amefariki, akawaachia. Ni Raleigh nyeusi, iliyofanyizwa katika mji wa Nottingham, Uingereza. Breki zake ni za fimbo, wala si za waya. Na juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma, chenye gia tatu za Sturmey-Archer, umepigwa mhuri wa mwaka: 53. Mistari ya dhahabu ingaliko katika mabomba yake, ila imekatika-katika. Bomba la juu limechakaa hata chuma chaonekana, na madigadi ya nyuma imeliwa na kutu.

Mkubwa akasema, "Mchungaji, baba alikuwa mtu safi. Kila Jumamosi aliifuta baisikeli hii. Ni aibu kwetu kuiacha hivi. Na tuipeleke kwa fundi, aikwangue kwa msasa na kuipaka rangi, ing'ae kama siku ile aliyoinunua."

Mdogo akajibu, "Tukifanya hivyo itakuwa baisikeli ya fundi, si ya baba. Iachwe vivi hivi."

Tangu matanga walikuwa hawasemezani vema kwa ajili ya jambo hilo.

Msidhani ya kuwa hili ni neno dogo la chuma na rangi tu. Ndani yake mna swali kubwa: kumheshimu aliyetutangulia ni kuvifanya vitu vyake kuwa vipya, au ni kuvilinda jinsi alivyoviacha?

Kwanza na tumpe mkubwa haki yake. Rangi si pambo tu, ni ngao ya chuma. Maji na hewa vikikutana na chuma kitupu, kutu huzaliwa, nayo huzidi kula hata chuma kitoboke. Basi asemaye, "Acheni yote kama yalivyo," yamkini amechanganya utunzaji na uvivu. Tena yuko mtu ambaye baisikeli ndiyo mkono wake wa kazi, achukuaye ndizi sokoni au madumu ya maji. Huyo na aipake rangi apendavyo, wala asihojiwe na mtu, maana baisikeli ilifanyizwa kwa ajili ya safari.

Lakini si kila alama ni ugonjwa. Kutu ni adui aliye hai. Mchubuko ni habari ya jambo lililokwisha kupita. Tena pimeni neno hili: rangi mpya yaweza kupakwa leo, au kesho, au baada ya miaka kumi. Rangi ya kwanza ilikaushwa kwa moto wa tanuru kiwandani, na kiwanda kile cha Nottingham kiliacha kuunda baisikeli mwaka 2002. Ikiisha kukwanguliwa, hakuna awezaye kuirudisha. Basi penye mashaka, mwenye busara huchagua njia ambayo aweza kurudi.

Mwaka 1877, huko London, William Morris alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kwa sababu aliona makanisa ya zamani yakikwanguliwa kuta zake, kusudi yafanane na siku za kujengwa kwake. Waliofanya hivyo hawakuwa adui wa makanisa, waliyapenda. Lakini walipomaliza, kazi ya mikono ya vizazi vingi ilikuwa imetoweka, na mahali pake palibaki mawazo yao wenyewe juu ya zamani. Morris aliwahimiza watu wayatunze majengo siku kwa siku, ili yasifikie kuharibika.

Nami nakiri kosa langu. Baba yangu naye alikuwa na baisikeli nyeusi. Alipofariki niliipeleka kwa fundi, nikamwambia, "Ifanye mpya." Akafanya kazi njema, na majirani wakaisifu. Baada ya siku chache nilitafuta mahali fulani katika bomba la juu, karibu na usukani, palipochakaa kwa kuwa ndipo nilipokaa utotoni, baba akinipeleka shule. Palikuwa peusi, pakang'aa. Nilikuwa nimelipa fedha ili kufuta alama ya safari zile. Wazee husema, Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kwa hiyo niliwaambia ndugu wale hivi: Baba yenu hakuipaka rangi kila Jumamosi, aliifuta. Fanyeni kama yeye. Iosheni kwa sabuni na maji ya vuguvugu, wala msisugue nembo na mistari ya dhahabu. Kutu nyepesi iondoeni kwa mafuta na stilwaya laini, mkijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ikausheni, kisha ipakeni nta. Msiikwangue kwa msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Madigadi ile iliyoliwa, hiyo itieni rangi mpya, isije ikaanguka. Na mkiiuza siku moja, mwambieni mnunuzi lipi ni la kale na lipi ni jipya. Kupaka rangi si kosa; kudanganya kwa rangi ni kosa.

Mkubwa hakuridhika kabisa. Alisema bado aliona haya kwa lile bomba lililochakaa. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata nilipita kwao, nikawakuta wote wawili wamechuchumaa, huyu ana kitambaa, na huyu ana kopo la mafuta.

Nanyi, wapenzi wasomaji, kabla ya kukwangua kitu chochote cha waliotutangulia, kiwe chombo, au nyumba, au desturi, jiulizeni kwanza: je, hiki nikiondoacho ni ugonjwa, ama ni ushuhuda?