Dalali Aliyejiuzia

Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Boris Yeltsin iliacha kupanga bei za bidhaa nyingi nchini Urusi. Mwaka haujaisha, bei zilikuwa zimepanda zaidi ya mara ishirini, na akiba za wazee zikayeyuka benki.

Katika dhiki hiyo kila raia aligawiwa hati ya rubli 10,000 anunulie hisa za viwanda vya umma. Anatoly Chubais, msimamizi wa ubinafsishaji, aliahidi kwamba hati moja ingefikia thamani ya magari mawili ya Volga. Lakini mwenye njaa hasubiri gawio. Wengi waliziuza kwa bei ya kutupa, wengine wakazikabidhi kwa mifuko ya uwekezaji ambayo baadaye ilifilisika au ikatoweka.

Vinono vilikuwa bado. Mwaka 1995 hazina ilikuwa tupu na uchaguzi wa rais uko mlangoni. Baadhi ya mabenki yakajitolea kuikopesha serikali, yakishika rehani hisa za mashirika ya mafuta na madini. Deni lisipolipwa, hisa ziuzwe.

Tazama Norilsk Nickel, kampuni ya migodi ya kaskazini ya mbali, iliyojengwa kwa jasho la wafungwa wa Stalin. Asilimia 38 ya hisa zake ziliwekwa mnadani kama rehani Novemba 1995, mshindi awe atakayeikopesha serikali zaidi, kiwango cha kuanzia dola milioni 170. Mwendesha mnada alikuwa benki ya ONEXIM ya Vladimir Potanin, ambaye ndiye aliyependekeza mpango wenyewe serikalini. Benki shindani ilileta ahadi ya dola milioni 355. Ikaenguliwa. ONEXIM ikashinda kwa milioni 170.1.

Hapakuvunjwa mlango, hapakushikwa bunduki. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wake. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka msomaji alishike: sheria ilikuwapo, ila aliyeisimamia alikuwa na dau mezani.

Agosti 1996, baada ya Yeltsin kushinda uchaguzi, Potanin aliteuliwa naibu waziri mkuu wa kwanza. Serikali haikulipa deni lile. Mwaka uliofuata rehani ikauzwa, na mnunuzi alikuwa kampuni yenye uhusiano na ONEXIM ileile. Wengine huuita mnada. Mimi siwezi.